Kipima upepo cha mkononi: tuangalie nini kabla ya kununua?



Juma lililopita, kisha kuhesabu likelemba, tulibishana sana. Mmoja wetu alipendekeza tununue kipima upepo cha mkononi, ile mashine ndogo inayoshikwa kama telefone na kuonyesha mbio ya upepo. Wengine wakasema: "Feza hiyo inunue jileti." Sababu ya ubishi tunaijua. Siku ya soko tunapanda mtumbwi kati ya Baraka na Uvira, magunia chini, watoto mgongoni, na nahodha peke yake ndiye anayesema kama ziwa linapitika. Akiwa na haraka, linapitika kila mara.

Wenye kutaja jileti wana haki. Kama kuna mama mmoja au mtoto mmoja asiye na jileti, feza iende huko kwanza. Kisha hapo ndipo tuchange kwa kipimo.

Vipimo hivi viko vya namna mbili. Kuna chenye vikombe vitatu vinavyozunguka, na kuna chenye feni ndogo. Cha vikombe kinapokea upepo wa kila upande. Cha feni lazima tukielekeze kule upepo unakotoka, lakini kinaingia mfukoni. Kwa safari zetu, cha feni kinatosha.

Dukani tuulize mambo manne. Je, kinavumilia maji, na kina kamba ya kuvaa shingoni? Je, namba zake zinasomeka juani? Je, betri yake inapatikana katika soko letu? (Kinachotegemea telefone tukiache: telefone ikizimika, kipimo nacho kimekufa.) La nne: je, kinaonyesha wastani na pia upepo mkali uliopita ghafula? Huo wa ghafula ndio unaopindua mtumbwi. Tuchague kinachoandika kilometa kwa saa. Kikiandika noti, noti 1 ni karibu kilometa 1.85, kikiandika meta kwa sekunde, tuzidishe kwa 3.6.

Tupime tukiwa bado pwani, mahali wazi, mkono juu, dakika moja au mbili. Ndani ya mtumbwi unaokwenda, kipimo kinadanganya. Tukitoka Baraka na upepo wa kusini mgongoni, upepo ukiwa 20 na mtumbwi ukienda 10, kinaonyesha 10 tu. Tukirudi, upepo ule ule unasomeka 30. Ndiyo maana mwenye tanga anaona ziwa limetulia, mpaka anapogeuka.

Namba hizo zina maana gani? Mwaka 1805 afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, aliandika ngazi za upepo, toka 0 mpaka 12, na zinatumika hadi leo. Kilometa 20 mpaka 28 ni ngazi ya 4: vichwa vyeupe vya mawimbi vinaonekana mara nyingi. Kilometa 39 mpaka 49 ni ngazi ya 6: mawimbi makubwa, povu kila mahali. Tukumbuke tena: upepo wa 40 hausukumi mara mbili kuliko wa 20, unasukuma mara nne. Na katika kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini unakimbia juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilometa 600. Mawimbi yanapata nafasi ya kukua.

Sisi tumekubaliana: ikifika 20, tunangoja.

Lakini kipimo kinasema upepo wa sasa, hakitabiri wa saa ijayo. Wingu jeusi likisimama juu ya milima, hata kikisoma 5, tubaki pwani.

Zamani tukisema "tunaogopa", tulichekwa. Namba haichekwi, nahodha naye anaisoma. Ila namba peke yake haimzuii mtu. Mama mmoja akibaki, mtumbwi unaondoka bila yeye. Tukibaki kumi na magunia yetu, nahodha ataondoka na nani?

Ndakala zinaweza kuuzwa kesho. Juma lijalo, tukutane tena hapa hapa.