Abiria wa Juba waelezwe sheria ya kamera

Wafanyabiashara wanaopita Nimule kwenda soko la Jebel huficha kamera katikati ya nguo kwa kuogopa wezi. Ni vyema, lakini naona hatari kubwa zaidi ni kuitoa. Kupiga picha hadharani Juba kunahitaji kibali cha serikali. Daraja la Nile, uwanja wa ndege na kambi za jeshi ndiyo usiguse kabisa. Simu nayo ni kamera. Jebel ilikumbwa na mapigano Julai 2016, askari hawana mzaha. Aliyerudi kutoka ukimbizini, akipiga picha palipokuwa kwao, anaweza kunyang'anywa kamera na kuwekwa ndani. Wahusika wabandike sheria hiyo Nimule, kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, kabla basi halijaondoka.