Bima ya Moto: Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Filamu ya Uingereza iitwayo The Fire Raisers, iliyoongozwa na Michael Powell na kuonyeshwa mwaka 1934, ni ya zamani, lakini mfanyabiashara mwenye bima ya moto hatapoteza muda akiitazama. Leslie Banks anaigiza mkadiriaji wa hasara za moto anayejiingiza katika genge la wachomaji mali.

Kisa hicho hakikuzuka hewani. Mwaka 1933 mahakama ya Old Bailey jijini London ilimhukumu Leopold Harris kifungo cha miaka 14. Harris alikuwa mkadiriaji mashuhuri, akiwasimamia waliounguliwa wanapodai fidia. Mbinu ilikuwa rahisi: ghala linajazwa bidhaa hafifu, vitabu vinaonyesha thamani kubwa, bima inakatwa, kisha moto unawaka. Mkadiriaji anafika kudai fidia, na fungu lake linatoka humo humo.

Wakili William Charles Crocker, kwa niaba ya makampuni ya bima, ndiye aliyefichua mtandao huo. Mwaka 1934 Kapteni Brymore Miles, mkuu wa kikosi cha London cha kuokoa mali katika moto, naye alifungwa kwa kupokea fedha za Harris. Kikosi hicho kiligharamiwa na makampuni ya bima yenyewe.

Wapo wanaosema anayeibiwa ni kampuni tu, nayo ina fedha tele. Hesabu inakataa. Fidia hutoka katika mfuko unaojazwa na ada za wateja wote. Madai ya uongo yakizidi, ada hupanda au gawio la wenye hisa hupungua. Tena kampuni iliyokwisha kuumwa humshuku kila mtu, na aliyeunguliwa kweli husubiri fidia huku wadai wake wakibisha hodi.

Kwa hiyo mwenye kutaka kununua hisa za kampuni ya bima asiishie kwenye faida ya mwaka. Aulize nani huhakiki hasara, na hulipwaje. Anayehakiki akilipwa kwa ukubwa wa hasara, kishawishi kimo ndani ya mkataba.

Naye mwenye duka ahifadhi nakala za stakabadhi na hesabu ya mali mbali na duka. Siku ya moto, hizo ndizo zitakazomtofautisha na mwizi.