Nani Anawasimulia Watoto Wetu?

  

Siku moja madrasani tulikuwa tukiwasomesha watoto kisa cha mwanamke wa kabila la Makhzum aliyeiba, Makureshi wakataka asamehewe kwa ajili ya nasaba yake, na Mtume (S.A.W.) akakataa kuwabagua watu mbele ya sheria. Mtoto mmoja wa miaka tisa akanyoosha mkono: "Ustadhi, kwani hata mtu akichukua tufaha moja tu ampe mtoto mwenye njaa, anakatwa mkono?" Tukamuuliza hayo ameyatoa wapi. Akajibu: "Kwenye katuni ya Aladdin."

Tulimkemea. Tukamwambia aache katuni ashike juzuu yake, somo likaendelea. Hakuuliza tena siku ile, wala siku zilizofuata. Tulidhani tumekataza munkari, kumbe tulichokizima ni swali tu, na jibu la filamu likabaki moyoni mwake bila ya mpinzani. Ndugu Waislamu, kosa letu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Hekaya ya Aladdin inahesabiwa miongoni mwa zile ambazo wazee wetu walizijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Hata hivyo, haimo katika nakala kongwe za Kiarabu za kitabu hicho. Mfaransa Antoine Galland aliisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, Mkristo wa Halab, kisha akaichapisha kwa Kifaransa mwaka 1712. Wala hatusemi kuwa hekaya hizo ni hazina ya dini. Zimejaa sihiri na majini wanaoombwa haja, na tangu karne ya nne Hijria Ibn an-Nadim, katika Al-Fihrist yake, hakukisifu kitabu cha Kiajemi kinachotajwa kuwa asili ya Alfu Lela. Hoja yetu ni hii: anayeichukua hekaya ya zamani na kuifanya filamu ya watoto huchagua cha kutoa na cha kutia, na katika uchaguzi huo ndimo mna mafunzo yake.

Tutazame alichotiwa Aladdin katika filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1992. Binti wa Sultani anapita sokoni, anamwona mtoto mwenye njaa, anampa tufaha la muuzaji. Papo hapo muuzaji anamshika na kutaka kumkata mkono. Hakuna kadhi, hakuna shahidi, hakuna swali. Mtoto anayetazama anaambiwa kuwa hiyo ndiyo nchi ya watu wa vilemba. Ama sheria yenyewe, haimpi muuzaji mamlaka ya kusimamisha hadi. Hilo ni la hakimu baada ya kuthibitika. Wanavyuoni walio wengi wameshika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kuwa hakatwi mtu kwa kitu kisichofikia robo dinari, yaani dhahabu ya zaidi kidogo ya gramu moja. Tufaha litafikaje huko? Na imepokewa kuwa Umar (R.A.), katika mwaka wa njaa kuu, mwaka wa 18 Hijria, hakuwakata wezi, kwa kuwa njaa ni shubha. Haya yote yalikuwa ni jibu la dakika tano kwa mtoto wetu.

Wimbo wa kufungulia filamu hiyo nao uliitaja nchi ya Aladdin kuwa ni mahali mtu anapokatwa sikio kwa sababu ya sura yake tu. Waarabu wa Marekani walilalamika kupitia jumuiya yao ya kupinga ubaguzi, na mwaka 1993, filamu ilipotolewa kwa kanda za video, maneno hayo yakabadilishwa. Neno jingine la kuiita nchi hiyo ya kishenzi likaachwa. Liliondolewa katika filamu mpya ya waigizaji ya mwaka 2019, baada ya watoto wa miaka 26 kuuimba wimbo ule. Tuzingatie hapa: waliolalamika kwa hoja walisikilizwa, japo kwa nusu. Walionung'unika majumbani hawakusikika.

Sasa tutazame alichonyang'anywa. Katika hekaya, Aladdin ana mama. Mama huyo ndiye anayebeba vito na kwenda barazani kwa Sultani, siku baada ya siku, mpaka anaitwa na kupeleka posa ya mwanawe. Filamu imemfuta kabisa. Kijana hana mzazi, binti anatoroka kwao, wanaruka usiku juu ya zulia bila ya yeyote kujua, na mwisho Sultani anabadilisha sheria ili binti aolewe na amtakaye. Mtoto anafahamu kuwa baina ya idhini ya mzazi na furaha ya binti pana vita. Lakini Mtume (S.A.W.) aliivunja ndoa ya Khansaa bint Khidam pale baba yake alipomwozesha bila ya ridhaa yake. Uislamu umemsikiliza binti bila ya kumfukuza walii.

Waliomwongoza Aladdin ni Ron Clements na John Musker, na miaka mitatu kabla, mwaka 1989, walitoa filamu ya nguva mdogo. Asili yake ni hekaya ya Hans Christian Andersen wa Denmark ya mwaka 1837. Humo nguva anatamani mwanamfalme, lakini anatamani pia roho isiyokufa, kwani anaambiwa kuwa nguva wakifa huwa povu la bahari tu. Mwishoni anapewa kisu amuue mwanamfalme ili ajiokoe, naye anachagua kufa kuliko kudhulumu. Itikadi ya Andersen kuhusu roho si itikadi yetu. Hata hivyo alimfanya mtoto ajiulize: baada ya kufa kuna nini? Filamu imeliondoa swali hilo lote. Imebaki shauku, arusi, na baba anayesalimu amri kwa binti aliyemwasi.

Basi tufanye nini? Wako wanaosema tuvunje televisheni. Lakini leo filamu hizi zimo ndani ya simu iliyo mkononi mwa mama anayepika, na tutakayemkataza nyumbani ataonyeshwa kwa jirani. Na hukumu ya picha ina ikhtilafu ya wanavyuoni, hatuifungui hapa. Sisi tunashauri mambo matatu. Kwanza, mzazi aitazame filamu kabla ya mwanawe, na akimruhusu, akae naye. Pili, mtoto akiuliza, ajibiwe, asikemewe. Tatu, na hili ndilo kubwa, tusimulie. Allah (S.W.) ameitaja katika Suratu Yusuf kuwa ni simulizi bora, nayo ina baba, wivu wa ndugu, kisima, jela na msamaha. Ina kila kinachomfanya mtoto asilale. Ni nani kati yetu aliyemsimulia mwanawe yote, tangu ndoto mpaka sijda? Tumewahifadhisha aya zake, tumewanyima kisa chake.

Yule mtoto tulimwita baada ya majuma mawili, tukamtaka radhi mbele ya wenzake na kumpa jibu lake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa Ustadhi, wale wenye njaa Umar aliwapa nini?" Somo la siku hiyo likawa ni mwaka wa njaa, na Umar akiagiza chakula kutoka Shamu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe subira ya kuwasikiliza watoto wetu. Wabillahi tawfiq.