Kipimo cha Gauni na Kipimo cha Kazi

Katika kikao cha tawi letu hapa Gongoni, mwezi uliopita, mzee wetu mmoja wa heshima alisimama akatoa shauri kwamba chama kiwaandikie wakubwa wa ofisi za mjini Tabora, ili mabinti wanaofanya kazi humo wapewe amri ya mavazi. Alisema nguo zimekuwa fupi, tena zinabana, na watu waendao kutafuta huduma wanatahayari. Wengi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nikiandika muhtasari wa kikao na sikupiga. Kwa kuwa siku ile muda ulikwisha kabla sijasema, naomba nafasi katika gazeti hili.

Kwanza, ndugu zangu, sisemi kila mtu avae apendavyo kazini. Nimesomea ualimu. Mwalimu huinama kusahihisha daftari la mtoto, hunyoosha mkono kuandika juu kabisa ubaoni, hushinda katika vumbi la chaki. Nguo isiyomruhusu kufanya hayo bila kujishikashika haifai darasani, hata ikiwa ndefu mpaka visiginoni. Na karibu na mashine kanga inayoning'inia ina hatari kuliko sketi fupi. Kipimo basi kipo, nacho ni kazi yenyewe. Ninachokikataa ni kipimo cha jicho la mtu.

Sisi wa Tabora hatuwezi kusema nguo ni jambo dogo. Misafara iliyofika Unyanyembe katika karne ya 19 ilibeba merikani, kitambaa kilichofumwa Marekani, pamoja na kaniki. Na kwa shuka na doti chakula kilinunuliwa na hongo ikalipwa kwa watemi njiani. Nguo ilikuwa fedha. Ilikuwa pia alama ya cheo. Huko pwani kaniki ilijulikana kuwa vazi la watumwa, na utumwa ulipokwisha wanawake wakaiacha wakajifunga kanga, bila kuamriwa na mtu yeyote.

Lakini mfano unaonichoma zaidi ni wa nyumbani kwetu, ndani ya chama. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU mjini Dar es Salaam ulipitisha azimio la kupiga marufuku nguo fupi za wanawake, nywele za bandia, dawa za kujichubua ngozi, na suruali za kubana za wanaume. Ikaitwa Operesheni Vijana, nayo ilipangwa kuanza Mwaka Mpya wa 1969. Wako vijana ambao hawakungoja Mwaka Mpya. Mwezi ule ule wa Oktoba, pale Kariakoo, makundi yao yaliwashusha wanawake katika mabasi, wakiwatukana na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaja kuwatawanya. Katika maneno ya siku zile aliyenyooshewa kidole zaidi alikuwa binti wa ofisini, karani mpiga taipu: ikasemwa kazi ameipata kwa sketi yake na si kwa elimu yake. Hicho ndicho kilichokuwa chini ya yote. Mishahara ilikuwa adimu, na msichana mwenye mshahara wake mwenyewe aliwaudhi watu.

Azimio lilisema linalinda utamaduni wa taifa. Wakati huo huo, Wamasai wa Mkoa wa Arusha walikuwa wakishurutishwa kuacha lubega wavae suruali. Yaani mjini kuonyesha mwili ni uzungu, na mbugani kuonyesha mwili ni ushamba! Bibi zetu wa Unyamwezi, kabla merikani haijafika, walivaa ngozi na magome ya miti. Sijui vijana wale wangewaweka upande gani.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Tarehe 1 Juni 2021, Bungeni Dodoma, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliamriwa na Spika Job Ndugai atoke ukumbini akavae vizuri, baada ya mbunge mwenziwe mwanamume kulalamika juu ya suruali aliyovaa. Baadhi ya wabunge wanawake walipinga. Ikiwa mwakilishi wa wananchi hutolewa nje namna hiyo, mbele ya nchi nzima, karani aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kazi atajitetea kwa lipi?

Nami yalinipata. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, nilirudishwa langoni, mbele ya watoto, kwa sababu ya mikono mifupi ya gauni langu la kitenge. Hapakuwa na sheria yoyote ukutani, na gauni lile lile nilikuwa nimelivaa wiki iliyotangulia pasipo neno. Mwalimu mwenzangu mwanamume alipita na malapa yake miguuni akaitikiwa salamu. Niliporudi ilikuwa saa nne, na Darasa la Tatu walikuwa wamekaa bila mwalimu tangu asubuhi. Magauni ya kazi nilikuwa nayo mawili tu.

Serikali ilikwisha toa waraka juu ya mavazi ya watumishi wa umma mwaka 2007, na waraka huo unawahusu wanaume kama wanawake. Basi wakubwa wa ofisi waubandike mahali unapoonekana, na mtumishi mpya asomewe siku anayoripoti. Ofisi au duka likitaka sare, litoe kitambaa na fedha ya fundi, maana binti wa mshahara wa kuanzia, mwenye wadogo zake wa kulipia daftari, hawezi kununua heshima ya ofisi kwa mfuko wake. Mwenye kosa aitwe faraghani, na mwanamke mwenzake, asikatwe siku ya kazi. Kijana wa stendi hana madaraka yoyote katika jambo hili. Na mkubwa anayemsumbua karani wake asipewe urefu wa sketi kuwa kichaka cha kujifichia.

Mzee wetu namheshimu, na najua anawapenda mabinti zetu. Katika kikao kijacho nitaomba shauri lake lirudishwe mezani, na safari hii mabinti wenyewe wa ofisini waalikwe waje kusema.