Hirooki Goto: Alikosa mara nane, ya tisa akauvaa mkanda akiwa na miaka 45

Tarehe 11 Februari 2025, mjini Osaka, Japani, Hirooki Goto alimbana mabega Muingereza Zack Sabre Jr. mpaka mwamuzi akahesabu tatu. Mkanda wa dunia wa uzito wa juu wa IWGP, ambao wakati huo ndio ulikuwa mkubwa kuliko yote katika kampuni ya New Japan Pro-Wrestling, ukawa wake.

Ilikuwa mara ya tisa kwake kuwania taji la juu la kampuni hiyo. Alikuwa na miaka 45. Mara ya kwanza alipojaribu, Novemba 2007, alikuwa na 28.

Wanaoijua mieleka kupitia WWE ya Marekani huenda hawajawahi kulisikia jina lake. Wanamjua Shinsuke Nakamura, aliyehamia huko mwaka 2016. Goto alikuwa ulingo mmoja na Nakamura miaka yote hiyo, ila yeye hakuondoka. Alibaki, na kubaki kwake ndiko kunakoeleza kilichotokea Osaka.

Kukosa kwa kupangiwa

Jambo moja lisemwe wazi kwanza. Katika mieleka ya kulipwa, mshindi hupangwa kabla. Kuanguka ni kwa kweli na maumivu ni ya kweli, lakini nani aondoke na mkanda huamuliwa ofisini.

Kwa hiyo mtu akikosa mara nane, si kwamba alizidiwa nguvu mara nane. Ni kwamba wakubwa wake walikaa mara nane, wakapiga hesabu za tiketi, wakaona mwingine anafaa zaidi. Bondia aliyepigwa anaweza kurudi gym akafanye mazoezi zaidi. Goto angerudi kufanya nini? Mashabiki wa Japani wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana hadithi ya jamaa huyu iliwauma kuliko za wengine.

Goto ni mtoto wa Kuwana, mkoa wa Mie. Shuleni alikuwa klabu moja ya mieleka na Katsuyori Shibata, ambaye naye baadaye alikuwa nyota. Alianza kupanda ulingoni mwaka 2003, akapelekwa Mexico kujinoa kama kampuni inavyofanya kwa vijana wake wengi, akarudi 2007 akiwa mtu mwingine kabisa. Mwezi Novemba akawekwa mbele ya bingwa Hiroshi Tanahashi katika ukumbi wa Ryogoku, Tokyo. Alishindwa, lakini watu walitoka ukumbini wakimzungumzia yeye.

Mwaka uliofuata alishinda G1 Climax, ligi ya kila kiangazi ambayo kwa kawaida humsafishia mshindi njia ya kwenda juu. Yeye haikumsafishia. Alikutana na mkongwe Keiji Mutoh, akalala. Akashinda New Japan Cup mara tatu, 2009, 2010 na 2012, mashindano ambayo tuzo yake huwa ni nafasi ya kupigania taji. Kila mara nafasi aliipata, na kila mara alirudi mikono mitupu.

Kijana akampita

Mwaka 2012 ndio uliomaliza mjadala. Februari, Kazuchika Okada mwenye miaka 24, aliyekuwa ametoka tu kujifunza kazi Marekani, alimwangusha Tanahashi na kuchukua mkanda. Hakuna aliyetarajia. Mei, Goto akapewa zamu na Okada, akashindwa. Tangu hapo sura ya kampuni ilikuwa Okada. Goto alikuwa na Tanahashi na Nakamura mbele yake, na sasa kijana aliyemzidi miaka minane alikuwa ameshampita.

Mara ya nane ilikuwa Februari 2016, tena dhidi ya Okada. Goto aliingia ulingoni mwili umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa maandishi mazito kama ya sala, kama mtu aliyekuja kumaliza kila kitu usiku huo. Hakumaliza. Mwezi uliofuata akajiunga na Chaos, kundi la Okada mwenyewe. Kwa lugha ya mieleka, huko ni kunyoosha mikono.

Baada ya hapo hakuuwania mkanda wa juu kwa miaka tisa.

Kwenye soka angeitwa kiraka. Palipokuwa na kijana wa kupimwa, alipewa Goto. Palipokuwa na pambano la kati linalohitaji mtu wa kulipa uzito, alikuwa Goto. Mikanda ya ngazi ya chini aliipata, na akiwa na mwenzake Yoshi-Hashi walishinda ligi ya timu za watu wawili miaka mitatu mfululizo, 2021 hadi 2023. Si kazi ndogo hiyo, ila si kazi inayokuweka kwenye bango kubwa.

Rafiki yake wa shule, Shibata, alipata nafasi yake ya mkanda Aprili 2017, naye dhidi ya Okada. Baada ya pambano alikutwa na damu iliyovuja ndani ya fuvu, akafanyiwa upasuaji wa dharura, na ilipita miaka kabla hajapigana tena. Goto, aliyekuwa amewekwa kando, aliendelea kupanda ulingoni wiki baada ya wiki.

Kwa nini 2025?

Jibu jepesi ni kwamba alistahili. Lakini alistahili pia 2009. Kilichobadilika ni kampuni.

New Japan imekuwa ikipoteza watu. Nakamura aliondoka 2016, Kenny Omega 2019, Jay White 2023. Mwanzoni mwa 2024 wakaondoka Okada na Will Ospreay, wote wakielekea AEW ya Marekani yenye fedha zaidi. Tanahashi alibaki, lakini magoti yamechoka, ni rais wa kampuni tangu Desemba 2023, na tayari alikuwa ametangaza kustaafu Januari 4, 2026.

Kampuni ikawageukia vijana. Januari 4, 2025, kwenye Tokyo Dome, ilimweka Shota Umino kwenye pambano la mwisho dhidi ya Sabre. Watazamaji wengi hawakumpokea. Waliona wanapewa nyota ambaye bado hajawafanyia chochote. Siku hiyohiyo, kwenye pambano la watu wengi la kufungulia shughuli, aliyebaki wa mwisho na kupata nafasi ya kumvaa bingwa alikuwa Goto.

Hapo ndipo ofisi ilipogundua ilikuwa na kitu ghalani. Umaarufu wa Umino ulihitaji kujengwa, na ujenzi ni gharama na muda. Wa Goto ulikuwa umeshalipiwa kwa miaka 17 ya kushindwa. Watu walikuwa wanamdai ushindi kama anavyodaiwa mtu deni la zamani, na zaidi ya hapo walijua kwamba Machi 2024 alifika fainali ya New Japan Cup, muda mfupi baada ya kufiwa na baba yake, akashindwa tena, safari hii na Yota Tsuji.

Wapo waliosema ile ilikuwa zawadi ya uzeeni, na kwamba Goto aliwekwa kushikilia kiti mpaka kijana fulani aive. Hawajakosea. Ni vigumu kuamini kwamba mkanda ungempitia Goto kama Okada angekuwa bado yupo. Lakini kelele za Osaka usiku ule hazikuwa za kuhurumia mtu. Ukumbi uliolipuka vile kwa ajili ya mzee wa miaka 45 unasema kwamba ofisi ilikuwa imeisoma vibaya bidhaa yake kwa muda mrefu sana.

Kuna na kejeli ndani yake. Mkanda aliouwania mara nane haukuwapo tena. Mwaka 2021 kampuni iliuunganisha na ule wa mabara na kutengeneza mpya, huu alioupata. Baadhi ya mashabiki wa zamani hawakuupenda, na ni vigumu kuwalaumu. Kwa Goto, hata hivyo, ulitosha.

Machi 2025 alimkabili Tanahashi, yule yule wa 2007, safari hii bingwa akiwa Goto na mpinzani akiwa rais wa kampuni. Akashinda.

Mwishoni mwa Juni, siku chache baada ya kutimiza miaka 46, Sabre alimpokonya mkanda. Goto alikuwa amekaa nao miezi minne na nusu. Okada, alipoushika ule wa zamani kwa mara ya kwanza mwaka 2012, alikaa nao minne.