JIKONI JUMAPILI: Supu ya jibini haitaki moto mkali

Leo nakuletea supu ya Kijerumani, ingawa kisa chake kilianzia kwetu Masinga.

Krismasi moja, mwana wa kaka yangu alirejea likizoni kutoka masomoni Ujerumani. Akaniambia, "Shangazi, leo mwiko ni wangu." Alitaka kumpikia nyanya yake supu iliyomvusha miezi ya baridi kali. Wenyewe huiita Käsesuppe, yaani supu ya jibini, na huipenda karamuni kwa kuwa sufuria moja hushibisha wageni wengi. Jibini aliinunua Nairobi, kipande kwa bei ya kuku.

Supu ikiwa inatokota juu ya kuni, kijana akatumbukiza nusu ya jibini. Punde si punde, chini kulikuwa na nyuzi ngumu kama mpira, na juu mafuta yanaelea. Mama akachungulia, akaguna: "Mjukuu wangu, ng'ambo ndiko walikokufundisha haya?" Kijana alitahayari sana. Tulikula viazi na nyama, zile nyuzi akapewa mbwa.

Kosa lilikuwa moto. Jibini ni protini, mafuta na maji vilivyoshikamana. Ikichemka, protini hukazana na kuyakamua mafuta nje. Kesho yake tulirudia kwa ile nusu iliyobaki, na mara hii sufuria iliepuliwa kwanza.

MAHITAJI (watu 6)
Nyama ya ng'ombe ya kusaga, gramu 400
Viazi 4 vya kadiri
Liki 3, au fungu kubwa la vitunguu vya majani
Kitunguu maji 1
Siagi au mafuta, vijiko vikubwa 2
Unga wa ngano, vijiko vikubwa 2
Supu ya mifupa au maji, lita 1
Maziwa yaliyochemshwa, kikombe 1
Jibini ya kuyeyuka kama cheddar au gouda, gramu 200
Chumvi, pilipili manga na kungumanga kidogo

NAMNA YA KUPIKA
1. Pasua liki katikati uzioshe vizuri, maana mchanga hujificha ndani. Zikate nyembamba. Menya viazi uvikate vidogo.
2. Kaanga kitunguu na nyama kwa siagi hadi nyama igeuke rangi na kukauka maji. Tia liki, ukoroge mpaka zilegee.
3. Nyunyiza unga, koroga dakika 2. Unga huu ndio utakaoishika jibini isijitenge, kwa hiyo usiuache.
4. Mimina supu kidogo kidogo huku ukikoroga. Tia viazi, funika, uchemshe kama dakika 20 hadi viive. Ongeza maziwa yapate moto.
5. Sasa epua sufuria. Subiri mchemko utulie. Tia jibini uliyoiparuza kwa kifaa kile cha kuparuzia karoti, ngumi moja moja, ukikoroga kila mara hadi iyeyuke.
6. Onja ndipo utie chumvi, kwani jibini ina chumvi yake. Malizia kwa pilipili manga na kungumanga.

Usikamulie limau, maziwa yatakatika. Ukitaka kuipasha tena, tumia makaa machache au moto mdogo kabisa, isitokote. Wewe mwanafunzi unayepikia chumbani, robo ya vipimo hivi yakutosha na kubakisha. Ukipata jibini laini ya vipande vya pembetatu, itumie bila hofu. Hiyo huwekewa chumvi maalum za kuizuia isijitenge.

Mama aliporamba kijiko aliuliza, "Na maziwa ya mbuzi wangu je?" Swali zuri. Mbuzi wa maziwa wa Kijerumani walikwisha kuingia nchini tangu miaka ya 1990, kupitia mradi wa mifugo wa Nyeri uliosaidiwa na Ujerumani, na damu yao sasa imechanganyika na ya mbuzi wetu. Maziwa ya mbuzi yafaa kabisa katika kile kikombe cha supu. Lakini jibini unayoitengeneza nyumbani kwa kukatisha maziwa moto kwa limau haiyeyuki, hata uikoroge hadi jioni. Ikate vipande, ukaange kidogo, uiweke juu ya bakuli wakati wa kuandaa. Ni tamu, na inapunguza ile ya kununua.

Siku hiyo Mama aliomba bakuli la pili. Hakumsifu mpishi, alisema tu, "Kumbe ilikuwa haraka yako." Kijana alicheka, akaosha sufuria mwenyewe.

Basi jaribu Jumapili hii, ukikumbuka kuwa jibini ni ghali na kuepua sufuria ni bure. Tukutane juma lijalo, penye majaliwa.