Mutoto wetu na mutihani wa sheria



Binti mumoja anasoma sheria hapa Lubumbashi. Umeme ulikatika, akakesha na mushumaa, akimeza kifungu cha 258 cha Kode Sivili, sheria ya tangu 1888: mutu akiumiza mwenzake kwa kosa lake, sharti alipe ile hasara. Asubuhi, mbele ya profesa, kichwa kikawa bule. Hata neno moja halikutoka.

Sababu gani? "Papa alisema: Ukianguka, usirudie hapa nyumbani. Minervali ni feza ya jasho yangu." Ile sauti ndiyo alisikia, hapana swali la profesa.

Wazazi, minervali ni muzigo, tunajua. Lakini woga haumufundishi mutoto. Sesio ya pili iko. Mutoto mwingine kama huyu hakuna. Mumuache ale bukari, alale. Na ninyi vijana, murudilie masomo pamoja, kwa sauti: mutihani wa kinywa unazoezwa kwa kinywa.

Na wewe papa uliyesema vile, kifungu cha 258 kinakuhusu. Lipa hasara. Muite mutoto leo, umuambie: "Upite ao uanguke, hapa ni kwenu."